Inatoka, Imedoda, Imekata

Kariakoo hakuna anayesema mahitaji yameongezeka. Mwenye duka la rejareja aliyekuja kufunga mzigo anamuuliza muuza jumla, "Kaka, hii sabuni mpya vipi, inatoka?" Anajibiwa kwamba inatoka, au inatoka kwa msimu, au, kama wamezoeana, anaambiwa ukweli kwamba imedoda. Bidhaa ikikosekana mtaa mzima, imekata. Mzee atasema imeadimika. Mzigo uliolipiwa na haujafika uko njiani, hata kama njiani kwenyewe ni kontena ambalo bado halijapakiwa huko Guangzhou. Kwa vitenzi vinne vitano hivi biashara ya mamilioni inaendeshwa, na kila kitenzi kinashuhudia jambo lililoonekana kwa macho: kitu kimeondoka rafuni, kimekaa, hakipo.

Neno mahitaji linakaa kwingine. Linakaa kwenye ripoti, kwenye hotuba za bajeti, kwenye maandishi ya uchumi ambako limewekwa bega kwa bega na ugavi. Ni neno lenye ukoo mzuri: kwa Kiarabu lina shina moja na haja, na yeyote aliyewahi kubanwa na haja ndani ya basi la mikoani anajua kwamba hitaji la kweli haliahirishwi. Ofisini, hata hivyo, limebebeshwa mizigo mitatu. Linataja kile watu wanachokihitaji hasa. Linataja pia kile walichokinunua. Na mara nyingi zaidi linataja tarakimu iliyoandikwa kwenye oda, yaani kile ambacho mtu wa katikati, mwenye hofu zake na hesabu zake, ameamua kumwagiza aliye juu yake. Meneja wa kiwanda akiandika kwamba mahitaji ya mwezi huu yamepanda, karibu kila mara anamaanisha hiki cha tatu. Mnunuzi hajamwona. Ameona oda.

Watunzi wa istilahi wataniona mchokozi, lakini nadhani sehemu kubwa ya tatizo la ugavi unaoyumba imejificha hapo, katika desturi ya kuita oda mahitaji. Na dawa yake, ambayo wataalamu wa ugavi wameihubiri kwa zaidi ya miaka 30, haihitaji kompyuta kubwa kwanza. Inahitaji kukubali kwamba oda ni habari ya mtu wa katikati tu, na kwenda kuitafuta habari ya mnunuzi.

Miaka ya 1950 wakubwa wa General Electric walisumbuliwa na viwanda vyao vya vyombo vya umeme vya nyumbani huko Kentucky. Kuna kipindi viwanda hivyo vilifanya kazi kwa zamu tatu hadi nne, na miaka michache baadaye nusu ya wafanyakazi wakawa wamerudishwa nyumbani. Maelezo yaliyokuwepo ni yale ambayo kila mtu angeyatoa: biashara ina misimu yake, wateja hawaeleweki. Jay Forrester wa chuo cha MIT hakuridhika nayo. Alikuwa mhandisi, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa Nebraska, na jina lake lilikuwa limeshajulikana kwa kazi yake kwenye kumbukumbu za kompyuta za mwanzo. Aliwauliza wanaamuaje kuajiri na kuagiza, kisha akachukua penseli na karatasi akaanza kupiga hesabu wiki kwa wiki. Karatasi ikamwonyesha kwamba hata wateja wakinunua kiasi kilekile bila kubadilika, kwa kanuni zilezile za ndani kiwanda kingeendelea kupanda na kushuka. Makala yake ilitoka mwaka 1958 katika Harvard Business Review, na kitabu kikafuata mwaka 1961.

Pale MIT somo hilo liligeuzwa kuwa mchezo, nao unachezwa mpaka leo katika vyuo vya biashara. Unaitwa mchezo wa bia, ingawa hakuna anayelewa. Mezani wapo wanne: mwenye duka, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila wiki kila mmoja anaandika oda na kuipeleka kwa aliye juu yake; bia inateremka kwa kuchelewa wiki kadhaa. Kuongea ni marufuku. Kreti iliyolala stoo inakugharimu senti 50 kwa wiki, na kreti uliyoshindwa kumpa mteja inakugharimu dola nzima. Mnunuzi wa mwisho ni rundo la kadi zilizofunikwa. Kwa wiki nne za mwanzo anataka kreti 4, wiki ya tano anataka 8, na kuanzia hapo ni 8 siku zote. Amebadilika mara moja tu, hakurudia.

John Sterman alichapisha mwaka 1989 uchambuzi wake wa michezo hiyo. Oda ya juu kabisa ya mwenye duka ilikuwa, kwa wastani, kreti 15. Ya muuza jumla ilikuwa 19, ya msambazaji 27, ya kiwanda 32. Gharama za timu zilifika kama mara kumi ya zile ambazo kanuni nzuri ya kuagiza ingeleta. Kinachonivutia kuliko hesabu hizo ni kinachotokea mchezo ukiisha. Wachezaji wakiambiwa wachore jinsi wanavyodhani mnunuzi alikuwa akinunua, wengi huchora mawimbi makubwa, yanayopanda na kushuka. Wimbi wameliumba wao, kisha wakamsingizia mnunuzi.

Jambo hili lilikawia kupata jina. Wengine waliliita kwa jina la Forrester mwenyewe. Jina lililoshika lilitoka kwa wasimamizi wa Procter & Gamble waliokuwa wakishangazwa na nepi zao: watoto walichafua nepi kwa kasi isiyobadilika, maduka yakauza kwa kuyumba kidogo, wasambazaji wakaagiza kwa kuyumba zaidi, na kampuni yenyewe ikawa inaagiza malighafi kama mtu aliyechanganyikiwa. Hau Lee, V. Padmanabhan na Seungjin Whang, walipoandika juu ya jambo hilo mwaka 1997, walilitumia jina hilohilo: ni ule mjeledi mrefu wa wachunga ng'ombe, ambao mkono ukitikisika kidogo kwenye mpini, ncha huruka na kupasua hewa.

Ukilitafsiri jina hilo la Kiingereza neno kwa neno unapata athari ya mjeledi, nayo kwa Kiswahili haikai vizuri. Si kwamba hatuna mijeledi. Tuna mjeledi, tuna kikoto, tuna kiboko, na hilo ndilo tatizo: maneno yote hayo yanakwenda moja kwa moja mgongoni. Msikilizaji wetu akisikia mjeledi anatafuta nani kachapwa na kwa kosa gani. Hafikirii wimbi linalosafiri ndani ya kamba. Utumwa na ukoloni havikutuachia nafasi ya kuutazama mjeledi kama kifaa cha fizikia. Mimi ningebaki na kuyumba. Chombo huyumba kwa mawimbi ya bahari, hilo hata abiria analijua, lakini nahodha anajua pia kwamba chombo huyumbishwa na shehena isiyofungwa, inayoteleza kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule na kukuza kila wimbi dogo linalokuja. Alichokuwa akikizungumzia Forrester ni shehena.

Mnyororo nao una wanaoukataa kwa sababu ya kumbukumbu hizohizo, na siwalaumu. Lakini tumeshauzoea katika mnyororo wa thamani wa wakulima na mnyororo baridi wa chanjo, na kwa mnyororo wa ugavi naona neno limesema kweli kuliko lilivyokusudia: kila pete inagusa pete mbili tu. Pete ya kiwanda haijawahi kugusa meza ya duka.

Neno ninaloweza kulikalia mchana kutwa ni ugavi. Limetoka kwenye kugawa kama ulevi ulivyotoka kwenye kulewa. Anayegawa ni mgavi, kazi yake ni ugavi. Tanzania ina hata Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Sasa tazama ndugu zake wa tumbo moja: mgawo, ugawaji, na yule anayejulikana kuliko wote, mgao. Mtanzania akisikia mgao anafikiria giza na jenereta la jirani. Neno la Kiingereza la ugavi lina asili ya Kilatini yenye maana ya kujaza. Letu lina maana ya kugawanya, na kinachogawanywa mara nyingi hakitoshi. Sijui kama waliolichagua walilifikiria hilo, lakini wametuwekea onyo ndani ya istilahi yenyewe.

Maana mgao ni mmoja wa vyanzo vinne vya kuyumba ambavyo Lee na wenzake walivitaja, na ndio unaoeleweka haraka zaidi kwa Mtanzania aliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bidhaa zikipungua, mwenye nazo anagawa kwa uwiano: kila aliyeomba anapewa nusu. Aliyeomba 100 kapata 50. Safari inayofuata, mwenye haja ya 100 anaomba 200. Jirani yake anasikia, anaomba 300. Juu, ofisini, tarakimu zinajumlishwa na jumla yake inaandikwa kwa herufi kubwa: MAHITAJI. Kisha bidhaa zinaongezeka, kila mtu anapewa alichoomba chote, na ghafla oda zinakatika kwa miezi kadhaa kwa sababu stoo zimejaa. Kiwanda kinalaumu soko. Soko halikufanya lolote.

Wakati ule wa sukari ya kupangia foleni, watu waliingia kwanza kwenye foleni na kuuliza baadaye kinachouzwa. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na sheria maalumu ikapitishwa. Walanguzi walikuwepo, sibishi. Lakini mama aliyeficha miche sita ya sabuni uvunguni hakuwa mhujumu wa chochote. Alikuwa anazisoma dalili sawasawa kwa habari chache alizokuwa nazo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi uvumi wa uhaba unavyouzaa uhaba wenyewe. Viwanda vya magari vya Ulaya na Marekani vilijifunza methali hiyo kwa gharama kubwa zaidi: vilifuta oda za chipu mwaka 2020, vikarudi kwa haraka na kukuta nafasi zao zimechukuliwa, na kufikia 2021 wanunuzi wa chipu walikuwa wakiagiza zaidi ya walichohitaji ili wasikose kabisa.

Vyanzo vingine viwili, bei na mafungu, nitavipitia haraka. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei kikomo za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na EWURA, mwenzake wa Tanzania, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwenye kituo anayenusa kwamba bei itapanda hana haraka ya kuuza; mwenye gari anayenusa hivyohivyo ana haraka ya kujaza. Magari hayajaongeza hata kilomita moja. Ama mafungu, mwenye duka wa kijijini hawezi kwenda mjini kila siku, nauli itamla faida. Anafunga mzigo wa mwezi siku moja, na wenzake wote wanakwenda wiki hiyohiyo. Muuza jumla anaona msongamano, kisha kimya. Mfumo wa dawa wa Tanzania ulilijibu hili kwa akili nyepesi kabisa: vituo vya afya viligawanywa makundi A, B na C, yakawa yanaagiza kwa zamu.

Chanzo kilichobaki kina neno ambalo nalipenda kupita kiasi. Serikalini Tanzania, makadirio ya mbele huitwa maoteo: maoteo ya mapato, maoteo ya mahitaji ya dawa. Kuotea ni kuvizia, kama mwindaji anavyomwotea mnyama kwenye njia ya maji. Kuotea ni kubahatisha vilevile. Na uwanjani, mshambuliaji aliyewatangulia mabeki ameotea, kibendera kinapanda, bao halihesabiki. Maana zote tatu zinaifaa kazi ya kukisia mauzo ya mwezi ujao. Ubaya wake ni kwamba katika mnyororo kila pete inafanya maoteo juu ya maoteo ya pete iliyo chini yake, na kila moja inajiongezea kidogo kwa usalama. Mwenye duka anaongeza kidogo, muuza jumla anaongeza juu ya nyongeza, msambazaji anaiona nyongeza ya nyongeza na kuiita mwelekeo wa soko. Kununua programu bora ya kukisia hakusaidii sana kama unachokikisia ni oda. Utakuwa umeotea kwa usahihi zaidi.

Mfano ninaoupenda zaidi wa tiba umetokea kwetu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na Novartis, Vodafone, IBM na ushirika wa Roll Back Malaria, walijaribu jambo dogo katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Vituo vya afya vilikuwa 129. Kila Alhamisi simu ya mhudumu ilipokea ujumbe mfupi ukimuuliza ana dawa mseto ya malaria kiasi gani, na kwinini ya sindano kiasi gani. Alihesabu, akajibu kwa ujumbe, akazawadiwa salio. Wilayani waliona zahanati ipi imeishiwa na ipi inazo za ziada, wakahamisha. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini walifuta upungufu kabisa kufikia wiki ya nane.

Litazame swali lenyewe. Mhudumu hakuulizwa anahitaji ngapi. Aliulizwa anazo ngapi. Ukimuuliza mtu anahitaji ngapi umemfungulia mlango wa kuomba, na kuomba kwa Kiswahili ni kitenzi kilekile cha msikitini na kanisani: mwombaji hupanga maneno, huikuza shida yake, huacha nafasi ya kupunguziwa. Ukimuuliza anazo ngapi, anakwenda kabatini kuhesabu. Fomu za dawa za vituo vyetu zimekuwa na pande mbili kwa muda mrefu, taarifa na maombi. Upande wa taarifa unasema nilianza na ngapi, nikapokea ngapi, zimebaki ngapi. Upande wa maombi unataja ninachotaka. Mwenye kujua zilizokuwepo, zilizoingia na zilizobaki hana haja ya kuuliza zaidi. Zilizotoka anazipata kwa kujumlisha na kutoa. Upande wa maombi ungeweza kufutwa na hasara isiwe kubwa. Tena zahanati iliyoomba kupita kiasi haijajihakikishia chochote isipokuwa maboksi ya dawa zilizopita muda wake. Akiba haiozi haikutungwa na mfamasia.

Kuipeleka juu habari ya kilichotoka, badala ya oda peke yake, ndiko kunakopewa majina mengi: kubadilishana taarifa, kushirikishana taarifa, kupeana data. Kubadilishana ni neno la gulio, nikupe unipe tuachane, na halifai kwa kitu ambacho ukinipa bado unacho. Kushirikishana kunanuka semina na posho. Mimi nachagua kupashana, neno la watu waliokutana njiani wakapashana habari za huko walikotoka, kwa sababu hakuna anayepashana peke yake. Kiambishi cha -ana kinadai mtu wa pili. Taarifa nayo ina binamu asiyependeza: neno ambalo Wazungu wanalitumia kwa ushuru wa forodha limetokana na Kiarabu hichohicho cha kuarifu. Mwenye duka hatashangaa. Kila alipoombwa atoe taarifa za mauzo, mtoza kodi alikuwa hatua mbili nyuma ya mwombaji.

Hofu hiyo wanayo hata wasio na la kuficha kwa mtoza kodi. Barilla, kampuni ya tambi yenye makao yake Parma, ilikuwa na tatizo la kuchekesha mwishoni mwa miaka ya 1980. Waitalia wanakula tambi kwa utulivu, wiki hii kama wiki iliyopita, lakini oda za wasambazaji wake zilipanda na kuporomoka kana kwamba nchi nzima inafunga na kufungulia. Kampuni ikapendekeza: msituletee oda tena, tuleteeni kila siku taarifa ya mlichonacho na mlichokitoa, sisi tutaamua cha kuwapelekea. Wasambazaji wakakataa. Kupanga stoku ni kazi yao, na aliyekunyang'anya oda leo kesho atakunyang'anya nini? Wauzaji wa Barilla wenyewe wakapinga pia, kwa sababu waliishi kwa bonasi za kusukuma mzigo wakati wa promosheni. Oda zikitulia, wao wanauza nini? Ikabidi kampuni ianze na bohari zake yenyewe. Katika ile ya Florence akiba ilishuka kutoka siku 10 hivi hadi chini ya 4, na maduka yakapata mzigo kwa uhakika zaidi kuliko awali. Marekani, Walmart na Procter & Gamble walikuwa wameshafika huko kwa njia ileile: anayetengeneza nepi akawa ndiye anayeangalia nepi zilizobaki.

Kwetu kitu kinachokaribia hapo kina jina lake la siku nyingi: mali kauli. Mwenye mzigo anakuachia mzigo kwa neno lako, ukiuza ndipo unalipa. Watu huuona kama mkopo, na ni mkopo, lakini fuatilia habari zinavyosafiri. Mwenye mali anapita kila baada ya siku chache kukusanya pesa, na pesa hazikusanywi bila kuhesabu kilichobaki. Akiondoka amejua kilichotoka kwa macho yake mwenyewe, duka kwa duka. Oda yako haimwongezei kitu. Na kwa sababu mzigo ukidoda ni wake bado, hana sababu ya kukujazia duka. Hapa ndipo naona mali kauli imewazidi akili wengi wenye mifumo ya kompyuta: habari imekwenda pamoja na hasara. Anayeona ndiye anayeamua, na anayeamua ndiye atakayeumia. Barilla walitaka kuona na kuamua wakati tambi zilizokwisha kulala stoo ni mali ya msambazaji. Ningekuwa mimi msambazaji ningegoma vilevile. Upungufu wa mali kauli ni kwamba habari huishia kwa mwenye mali. Juu yake anarudi kwenye oda kama wengine.

Basi kama ningekaa kwenye kamati ya istilahi ningepigania neno moja litengwe kwa ajili ya kilichoondoka rafuni kweli. Mtoko limeshachukuliwa na wapendanao wa Jumamosi jioni, matokeo yamechukuliwa na Baraza la Mitihani. Utokaji linafaa, ingawa madaktari wanalitumia kwa damu. Oda ibaki oda, au agizo, ilimradi tusisahau kwamba agizo ni amri pia, na mtu aliyezoea kutii maagizo hajizoezi kuuliza yametoka wapi. Utokaji ukiandikwa safu yake na oda safu yake, anayesoma ripoti ataona mwanya kati ya safu hizo mbili, na mwanya huo ndio kuyumba kwenyewe, kumepimwa.

Lakini hata utokaji unadanganya. Rafu ikiwa tupu hakuna kinachotoka. Zahanati iliyokosa dawa mseto kwa wiki tatu itaonyesha utokaji wa wiki moja, na karani asiyejua atapeleka robo ya ilivyotakiwa. Mwezi unaofuata ataona umepungua tena, atapunguza tena, mpaka kituo kionekane hakina wagonjwa. Ndiyo maana mifumo mizuri ya dawa huuliza pia siku ambazo dawa haikuwepo. Madukani hakuna daftari la namna hiyo. Mteja anauliza, "Mangi, una betri ndogo?" Mangi anajibu, "Zimekata, bosi, pita Ijumaa." Mteja anakwenda zake na hakuna kalamu iliyogusa karatasi. Huyo ndiye mahitaji kwa maana ya shina la haja, na ndiye asiye na jina. Ukosefu ni wa jumla mno, na ukimwita mkosaji umemhukumu.

Wauzaji wenyewe, hata hivyo, wana kitenzi chake: inauliziwa. "Hii inauliziwa sana" husemwa juu ya kitu ambacho duka halina bado. Nadhani ulizio, kwa wingi maulizio, lingesimama vizuri kando ya utokaji, na kuyajumlisha mawili hayo ndiko kungetusogeza karibu zaidi na mahitaji kuliko oda yoyote. Kwa tahadhari moja. Mtu mmoja anayetafuta betri akipita maduka matano yasiyo nayo ameacha maulizio matano, na maduka yote matano, yakiyapeleka juu kwa uaminifu kabisa, yataomba betri tano.